Pumzi Niliyompulizia Baba

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe, leo nitaanza na jambo lenyewe na salamu zitafuata, maana nikitanguliza salamu nitazifanya mlango wa kutokea. Nimedanganya kazini. Hakuna anayejua isipokuwa baba, na baba hahesabiki kwa sababu ndiye niliyedanganya pamoja naye.

Unajua nilipomaliza shule nilipata kibarua katika zahanati ya kiwanda cha sabuni, palepale anapofanya kazi baba. Napanga mafaili, naita watu, naandika namba ninazotajiwa. Kila Januari wasafisha matangi hupimwa pumzi. Mtu anabanwa pua kwa kibanio, anavuta hewa mpaka mwisho, kisha anapuliza kwenye bomba la karatasi kwa nguvu zote, bila kukata, mpaka kifua kiwe kitupu. Mashine inamlinganisha na mtu mwenye afya wa umri na kimo chake, halafu inatoa asilimia. Chini ya sabini huruhusiwi kuingia tangini.

Baba alipuliza mara mbili. Mara zote mbili kikohozi kilimkata katikati na mashine ikakataa. Pale pale akaletwa mtu aliyeungua mkono kwa magadi makali ya sabuni, muuguzi akaitwa chumba cha pili. Baba akanishikisha bomba. Akasema, "Malizia wewe. Kifua chako kimetoka kwangu."

Nikapuliza, Shangazi. Sikuuliza hata swali. Ikatoka tisini na mbili. Muuguzi aliporudi akatazama, akasema afadhali, nami nikaiandika kwenye kadi ya baba kwa ule mwandiko wangu unaousifu.

Nilidhani ni msaada mdogo, kama kumvalisha mtu koti. Lakini sasa nimejua kadi ile ni ya nini. Ndani ya tangi anaingia mtu mmoja, amefungwa kamba kiunoni, amevaa barakoa ambayo hata mtu mzima wa afya huvuta hewa kwa taabu. Juu ya mdomo wa tangi anakaa mwenzake ameshika kamba. Mwenzake baba ni yule wanayemwita Fundo. Kabla ya kazi mshika kamba husoma namba ya kifua cha mwenzake na kutia saini. Fundo ametia saini yake chini ya pumzi yangu.

Matangi makubwa yatafunguliwa tarehe 18 Mei, kiwanda kitakaposimama kwa usafi wa mwaka. Nimweleze nani? Baba ni mdogo wako, anakusikiliza kuliko mtu yeyote. Nisaidie.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama bado anatoka alfajiri kwenda kwenye kiwanda cha mikate, kwa hiyo kikohozi cha asubuhi cha baba hakisikii. Akikisikia cha jioni anasema ni vumbi. Bibi magoti yanasemaje? Kifurushi chako cha mwezi uliopita kilifika, baba alikinusa kabla hajakifungua, akacheka peke yake.

Ni mimi mtoto wako,
Kimya


27 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba, marahaba sana. Jina nililokupa sasa naona lilikuwa la haraka. Kimya gani huyu anayeandika kurasa nne?

Sisi wazima. Bibi yako anapigana na magoti yake na magoti yanaongoza. Paa la jikoni limezibwa. Hapa kwenye banda msimu umeanza, marobota ya tumbaku yanaingia tangu asubuhi, vidole vyangu vimerudi kuwa rangi ya chai. Tumeletewa msimamizi mpya anayejua kuchambua majani kama mimi ninavyojua kuendesha ndege. Jana alilitia jani la daraja la kwanza kwenye fungu la takataka, nikamwangalia tu. Akauliza, "Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Nikamwambia nahesabu siku zake.

Hilo ulilolifanya umelifanya kwa kumtii baba yako, na mtoto hashtakiwi kwa kutii. Mdogo wangu namjua. Alizaliwa na kifua cha ng'ombe. Ameingia kwenye matangi hayo miaka kumi na tisa na kutoka anapiga mluzi. Wewe una miezi miwili zahanati, umeshakuwa daktari? Tulia, fanya kazi yako, namba zisikutoe roho.

Nimeweka kifurushi cha baba yako pamoja na barua hii. Ni majani ya juu kabisa, niliyachagua moja moja. Mpe mkononi, si mbele ya mama yako.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini msimamizi wako bado ana siku. Mama anakusalimu, amepandishwa cheo, sasa anasimamia tanuri mbili na nyumba yetu inanuka mkate. Mimi nimepata koti jeupe la kazini, mikono yake inanifika kwenye kucha.

Umesema nitulie. Nimejaribu. Ila tunakaa ghorofa ya tatu, na ngazi hazitulii. Zamani baba alizipanda huku akinitania kwamba mimi ndiye mzee. Sasa husimama mara tatu. Mara ya kwanza anafunga kamba ya kiatu. Mara ya pili anamuuliza fundi cherehani wa ghorofa ya pili kuhusu suruali ambayo hata hajaipeleka. Mara ya tatu hana kisingizio, anatazama ukuta. Anapumua amekunja midomo kama mtu anayepoza chai. Amelalia mito mitatu tangu mwezi uliopita, anasema kitanda kimebonyea.

Daktari wa kiwanda huja Jumanne. Nilimuuliza nikijifanya ni la kitabuni, maana kwa uso wangu huu kila swali huonekana la kitabuni. Akanichorea kwenye karatasi. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni, vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Hapo ndipo damu inapochukua hewa. Moshi wa sigara hula kuta zake, vifuko vingi vidogo vinabaki shimo moja kubwa lisilofaa kitu, na vikishakufa havioti tena. Wakati huohuo ile sumu ya moshi inakaa kwenye damu mahali pa hewa, basi moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kusambaza damu isiyobeba kitu cha kutosha. Na mishipa ya moyo wenyewe inazidi kuwa myembamba. Akasema watu hudhani kifua ni kifua na moyo ni moyo, kumbe ni wapangaji wa nyumba moja, mmoja akichoma godoro wote wanaungua.

Kuna jambo baya kuliko ngazi. Daktari alipoiona ile tisini na mbili alimwambia baba mbele ya foleni kwamba yeye ana bahati, sigara haijamgusa. Baba amelieneza mtaa mzima. Fundo alikuwa ameacha kuvuta wiki tatu, akaniambia mwenyewe, "Kama huyu mzee ana mapafu ya msichana, mimi najitesa kwa nini?" Akawasha. Na la ajabu, Shangazi, baba mwenyewe ameanza kuiamini. Juzi alimwambia mama, "Mashine haisemi uongo." Aliyasema hayo akinitazama machoni, wala hakupepesa.

Kifurushi nimekipokea. Sijampa. Kimo ndani ya mkoba wangu wa shule, chini ya madaftari. Sijawahi kukunyima kitu. Naomba usitume kingine.

Na naomba kukuuliza, kwa heshima zote: wewe bado unavuta? Kifua chako kikoje?

Mtoto wako,
Kimya


20 Aprili

Kimya,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Kazi ni nyingi, ndiyo maana nimechelewa.

Mdogo wangu ameniandikia kuuliza kama nimemsahau. Miaka yote hiyo sijawahi kumsahau hata mwezi mmoja. Nimeona aibu iliyonifanya niketi chini. Nani kakuweka kuwa posta ya kuamua kipi kifike na kipi kisifike?

Wewe unalitazama jani lile unaona ugonjwa. Mimi nikilitazama naona sare ya shule ya baba yako. Baba yetu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba. Banda hili ndilo lililonipokea. Nilichambua majani mpaka macho yakawa yanatoa maji, baba yako akasoma, bibi yako akala. Kila kilichoko kwenye nyumba hii, na hiyo elimu iliyokufikisha wewe kwenye koti jeupe, kimepita kwenye vidole hivi. Usinifundishe kulichukia jani.

Na ukisema, fikiria vizuri. Baba yako ataondolewa matangini na wewe utafukuzwa siku hiyohiyo. Hutamsaidia yeyote ukiwa mlangoni umeshika viatu mkononi. Wala usinitumie ile methali ya mficha maradhi, niliisikia kabla hujazaliwa.

Mpe kifurushi chake.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani ni hizi: mama mzima, baba si mzima.

Jana saa kumi jioni nilimkuta ameketi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Jasho lilikuwa limelowesha kola na hakukuwa na joto. Mkono wa kushoto alikuwa ameubana kifuani kama anayeficha kitu ndani ya shati. Nilisema niite watu. Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vilikuwa baridi, akasema ni gesi tu, amekula haraka. Akaniapisha nisimwambie mama. Tulikaa pale robo saa. Fundi cherehani alipopita baba alitabasamu na kumuuliza habari za suruali.

Alipopata nafuu aliwasha sigara, palepale kwenye ngazi, ili nione kwamba hakuna lililotokea.

Zimebaki siku kumi na mbili. Akizidiwa ndani ya tangi, kanuni inasema mshika kamba asiingie, aite kikosi. Lakini nawajua hawa wawili. Fundo ataingia. Watakuwa wawili, na namba iliyowaingiza ni yangu.

Kifurushi bado sijampa. Nikasirikie, nitavumilia. Lakini nilikuuliza swali tarehe 15 Machi na hukunijibu. Ulijibu kila kitu isipokuwa hilo. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikilitafuta.

Kimya


11 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa lori la kampuni, ataitia posta ya huko kwenu ili isichelewe. Salamu utazipata siku nyingine.

Sivuti. Mwaka wa nne sasa.

Nilianguka hapa bandani nikiwa nimekumbatia robota. Niliwaandikia kwamba ni malaria. Hata bibi yako aliye chumba cha pili anajua ni malaria. Ulikuwa moyo. Daktari alisema miaka ya moshi imeikwaruza mishipa ndani, mafuta yakajishika kwenye mikwaruzo, njia ikawa nyembamba, na moshi huohuo unafanya damu igande upesi. Bonge dogo, akasema, kama punje ya mchele, likaziba. Sehemu ya moyo wangu imekufa, mwanangu. Mimi hutembea na moyo nusu nikiwatukana wasimamizi ili mtu asitambue. Maumivu yalianzia mkono wa kushoto, na jasho la baridi. Nilipofika kwenye hiyo kola ya baba yako nilishindwa kuendelea kusoma, nikatoka nje.

Utaniuliza kwa nini nimeendelea kumtumia. Nimejiuliza pia. Sigara yake ya kwanza nilimwashia mimi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, nyuma ya banda hili hili. Alitapika, nami nikacheka, nikamwambia mwanamume hatapiki. Tangu hapo ndicho kitu pekee tulichonacho pamoja. Barua zake zote zina mstari mmoja wa asante, na ni ya tumbaku. Niliogopa nikiacha kutuma hatabaki na la kuniandikia. Basi nikawa namwua taratibu ili asinisahau. Nimeliandika, sitalifuta.

Kile kifurushi kitupe. Na useme. Usingoje aache mwenyewe kwa kuogopa, mimi sikuogopa mpaka nilipoanguka. Ukikosa sauti, mpe muuguzi barua hii, aisome yote, na aibu iwe yangu.

Shangazi yako anayekupenda


6 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi tuko, mama anakusalimu, bibi mpe pole ya magoti. Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu sikuwa na stempu, na kwa sababu kila nilipoanza nililia juu ya karatasi ikawa haifai.

Barua yako ilifika tarehe 16. Tarehe 17 nilikwenda mara mbili mpaka kwenye meza ya muuguzi, mara zote mbili nikamuuliza kama anataka chai. Asubuhi ya tarehe 18 nilipoona kupitia dirishani baba amesimama kwenye foleni, mkanda kiunoni, Fundo akimkagua kamba, nilijua sauti haitakuja. Barua yako sikumpa muuguzi, ni yako na ni yetu. Nilichukua mashine, nikaingiza umri wa baba na kimo cha baba, nikaiweka mbele ya muuguzi. Nikabana pua, nikapuliza.

Ikatoka tisini na moja.

Muuguzi aliitazama mashine, akaitazama kadi ya baba niliyokuwa nimeiweka pembeni, akanitazama mimi. Halafu akaenda mlangoni mbio na kuwaambia waisimamishe ile foleni. Sijawahi kumwona mtu mnene vile akikimbia.

Walimwita baba ndani. Alinipita kama anavyopita kiti. Alipuliza mara tano ndipo zikapatikana tatu zisizokatika, na iliyo bora ilikuwa arobaini na tatu. Daktari alimlaza, akambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mistari yake, na daktari akaacha kuongea na sisi, akaanza kuongea na simu.

Fundo alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Nilitegemea atanitukana mimi. Alimwambia baba, polepole, "Ningeingia kukutoa, mwenzangu. Unajua kabisa ningeingia." Fundo akavua glavu zake moja moja, akaziweka kwenye benchi, akaondoka. Mpaka leo hajafika kwetu.

Hospitali walimweka siku sita. Mshipa mmoja wa moyo umebanwa sana, amepewa dawa za kumeza kila siku, na atarudi ili waamue kama utahitaji kuzibuliwa. Kuhusu mapafu walituambia wazi, kilichokwisha kufa hakirudi. Ila akiacha leo kilichobaki kitadumu, na moyo utaanza kupumzika mapema kuliko tunavyofikiri. Tulipouliza je, akiendelea, walimwangalia tu mama.

Mimi nimepewa barua ya kuachishwa kazi. Ni ya haki, Shangazi, usinitetee kwa yeyote. Muuguzi aliniambia nikae nyumbani mwaka mmoja, nisome, halafu niombe chuo cha uuguzi, na kwamba kwenye fomu nisiifiche sababu ya kuondoka.

Baba amepelekwa getini, anaandika malori yanayoingia. Hasemi na mimi. Akitaka chumvi anamwambia mama, "Mwambie mwanao," na chumvi iko mbele yangu. Wiki ya tatu sasa. Mama alitaka kutupatanisha, nikamwomba asijaribu, kwa sababu naamini ana haki ya kunikasirikia na mimi nina haki ya kutojuta. Ila ni vigumu. Nyumba yetu ni vyumba viwili, hakuna mahali pa kukasirikiana kwa nafasi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama halijui. Wanaume wa jengo letu husimama jioni kwenye kona ya ua, karibu na mapipa, kuvuta na kubishana mpira. Baba alirudi kwenye kona hiyo siku ileile aliyotoka hospitali, na mama akaingia ndani akaufunga mlango. Mimi nilibaki kwenye ngazi za nje nikimtazama. Alipewa sigara akaipokea. Akaitia mdomoni, akaitoa, akaishika, akabisha kuhusu kipa. Hakuiwasha. Wenzake walipomaliza akaivunja vipande viwili ndani ya ngumi na kuviangusha kwenye pipa. Siku ya pili vilevile. Kiberiti kinapomkaribia anageuza kichwa kama aliyeitwa. Usiku anazungumza ovyo, na kumsonya kila mtu anamsonya. Lakini hajawasha. Nimehesabu.

Jana aligeuka ghafla akaniona ninamtazama. Akaja mpaka chini ya ngazi, akasimama kupumua, nikangoja. Akasema, "Hujaona kitu."

Nikamwambia sijaona kitu, baba.

Ni maneno ya kwanza aliyoniambia tangu zahanati. Nadhani hataki shahidi, ili akishindwa asiwepo mtu wa kumhurumia. Leo ni siku ya kumi na nne. Wewe uliyepita njia hii utajua kama kumi na nne ni nyingi au ni kidogo, mimi sijui.

Nimekuambia kwa sababu peke yangu lingenipasua. Lakini, Shangazi, tafadhali, usimwandikie pongezi. Usimwambie bibi, wala usiniulize habari zake kwenye barua ambayo mama anaweza kuifungua. Ukitaka kumwandikia muulize kuhusu malori, ana hadithi za kutosha. Kwa haya mengine jifanye hujui lolote, kama mimi ninavyojifanya kila jioni kwenye ngazi. Nakuomba sana, lisitoke kwako.

Mtoto wako,
Kimya